Kosa Moja kwa Kila Mkono

Jumamosi, 1 Machi

Lailah, nimekasirika, na ninaanza na hilo ili usije ukadhani hasira iliingia baadaye. Mlihamia Arua Jumatano nikiwa darasani. Niliporudi nikapita kwenu, nikakuta kufuli jipya mlangoni na mwanamke nisiyemjua anafagia kibaraza. Babu yako Kamis ndiye aliyenipa daftari hili. Alisema umeliacha wewe, nikilijaza muhula huu kaka yako Dawudi atalipakia kwenye lori lake la mizigo mpaka Arua, na wewe utanijazia la kwako. Basi naapa: nitakuandikia kila kitu, hata yale yanayoniaibisha. Sitapunguza na sitapamba.

Mwalimu Jean-Pierre, yule Mkongo anayetufundisha Kiswahili, anasema tuandike kana kwamba msomaji hajui lolote. Kwa hiyo nivumilie nikikueleza mambo unayoyajua.

Klabu yetu hukutana kila Jumamosi hapa Namuwongo, Kampala, kibarazani kwa babu yako, anaposhonea viti vya magari. Tunatengeneza magari madogo: sentimita ishirini za gari la kweli ni sentimita moja ya letu. Sheria ni mbili. Ya kwanza, huundi gari kwa kutazama picha. Unakwenda kwa gari lenyewe na futi ya utepe, unamwomba dereva ruhusa, unapima. Ya pili, gari likimalizika linapitishwa mkono kwa mkono, na kila anayelishika anataja kosa moja kabla ya kumpa mwenzake. Hakuna anayesifu mpaka makosa yaishe.

Tulikuwa tisa. Leo tulikuwa wanane, na msichana ni mimi peke yangu. Kiti chako alikikalia binamu yako Nasif, akanyoosha miguu kama amerithi.

Mwaka jana uliposhika pikapu yangu ulisema milango yake imesimama kama masikio ya mbuzi. Nilikwenda kulia chooni. Kisha nikaing'oa milango yote miwili na kuikata upya, na pikapu ile ndiyo nzuri kuliko zote nilizotengeneza. Sasa nani ataniambia?

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hesabu mbili. Hakuna jingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nasif amemaliza lori lake la tangi la mafuta na leo limepitishwa. Ungefurahi. Mmoja alisema matairi yamekatwa kwa meno. Mwingine alisema tangi limevimba kama shavu lenye jino bovu. Mimi nilisema ngazi ya nyuma ina vipandio sita na ya kweli ina saba, nilihesabu pale kituo cha mafuta. Nasif alinuna, lakini nilimwona akiandika kila kosa kwenye kiganja.

Halafu Byron akasimama. Unajua nilivyokuwa nikimsifu Byron kwako. Yeye ndiye kiongozi, ana miaka ishirini na mitatu, anachapisha fulana Nakawa, na yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kukata bati bila kulikunja. Alisema Jumamosi ya tarehe 26 Aprili kuna maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi mmoja kule Lubaga, na klabu imepewa meza. Magari matatu yatakwenda. Kila gari litakuwa na kadi mbele yake yenye jina la aliyelitengeneza.

Nikasema nitaunda gari la winchi, lile linalokokota magari yaliyogongwa.

Byron akatabasamu. "Celestine, bambi," akasema, "hiyo ni ngumu. Anza na kitu kidogo."

Bambi. Waganda humwambia hivyo mtoto aliyeanguka na kuku aliyelowa. Wote wakacheka kidogo, kwa upole. Ingekuwa afadhali wangecheka kwa nguvu.

Nataka gari langu liwe kwenye meza ile, na kadi yenye jina langu mbele yake. Nimeliandika hapa ili nisiweze kusema baadaye kwamba sikutaka.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimepima, na mkono unaniuma kwa kuandika namba.

Karibu na ghala ambalo baba ni mtunza stoo, kule Nakawa, kuna uwanja wa magari ya winchi. Nilisimama langoni tangu saa tatu. Madereva wawili walinifukuza. Wa tatu aliingia na winchi la rangi ya chungwa, kioo cha upande kimepasuka, na nyuma limening'iniza gari dogo jeupe lililobonyea mbele lote. Alisema ana nusu saa tu, anamsubiri mwenye gari alete karatasi, kisha anaondoka nalo.

"Wewe mutoto," aliniambia, "unapima gari yangu ya nini? Unataka kununua?"

Nilimweleza. Alisikiliza huku anakula chapati ya mayai, akafuta mikono kwenye suruali, akashika upande wa pili wa utepe. Alipanda juu bila kuombwa. Alinipa urefu wa mkono wa winchi, upana wa bampa, kimo cha bodi kutoka chini mbele, kimo cha bodi kutoka chini nyuma. Vipimo sitini na vitatu, Lailah. Hakuniita bambi hata mara moja. Niliponukuu namba vibaya alisema, "Rudia, hiyo ni uongo."

Anaitwa Erinayo. Alitaka niandike jina lake juu ya ukurasa. Nikamwahidi kumwalika Lubaga.

Jumatatu, 17 Machi

Baba ameona ukurasa wa vipimo. Amesema wenzangu wa darasa la Senior Two wanasoma kemia, mimi napima malori, na kwamba hakutoka Bungoma kuja kulea fundi wa vidude. Mama akamwambia, "Nashon, mwache, hajakuibia kitu." Nilitaka kumjibu. Nilikwenda kusoma kemia kwa hasira mpaka nikaielewa.

Jumamosi, 22 Machi

Klabu ilianza mapema na kuisha mapema kwa sababu ya funga. Babu yako alinipa vipande vya ngozi ya plastiki kwa ajili ya viti, vyeusi, akavitupa mezani bila neno. Tangu anipe daftari hili hajazungumza nami. Kwa wavulana anafoka saa nzima. Nadhani hanipendi.

Nimeanza. Fremu ni mabaki ya dari ya plastiki. Kichwa ni mkebe wa mafuta ya kupikia. Matairi nimeyatoa kwenye kandambili za zamani za mama, na mkono wa winchi ni njiti za mwavuli, zinateleza moja ndani ya nyingine kama wa kweli. Kamba yake ni uzi mmoja nilioufumua kwenye waya wa breki wa baiskeli.

Alhamisi, 27 Machi

Gundi haikauki. Mvua kila siku.

Jumatatu, 31 Machi

Wiki ya Idd. Babu yako ametuletea sahani ya pilau mwenyewe. Akamsalimia mama, akamsalimia baba, akanitazama mimi kama mtu anayengoja nimalize kusema kitu ambacho sikuwa nimekianza. Akaondoka.

Jumamosi, 5 Aprili

Maji yameingia ndani. Alfajiri nilisikia mama akiita, nikashusha mguu kitandani, nikaukuta mfereji wote wa Namuwongo umehamia chumbani kwetu, na taka zake. Tulinyanyua unga, magodoro, sare. Nilikuwa nimebeba vitabu nilipokumbuka kwamba winchi liko sakafuni, ndani ya boksi la viatu, chini ya meza.

Halikuwepo. Nilipiga magoti ndani ya maji nikalitafuta kwa mikono. Nilidhani limekwenda na mfereji.

Baba alikuwa mlangoni anazuia maji kwa gunia la mchanga. Bila kugeuka alisema, "Liko juu ya kabati. Nililiweka kabla ya redio."

Sijui niandike nini kuhusu hilo. Nililia kidogo, na kwa mara ya kwanza muhula huu haikuwa kwa hasira.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepaka rangi. Ni rangi ya kucha ya mama, ya chungwa, chupa mbili. Imeshika vizuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetulia kwanza kabla ya kuandika. Nimefua sare. Nimemenya ndizi. Sijatulia.

Leo gari langu lilipitishwa. Limekamilika: vioo vya chupa ya maji, taa za shanga, kile kioo cha upande kilichopasuka nimekikwaruza kwa sindano mahali palepale. Nilikuwa nimekaa na kalamu na karatasi ya makosa. Nilichora mistari saba, mmoja kwa kila mtu.

Nasif alilishika kwanza. Akaligeuza. Akamtazama Byron. "Nzuri," akasema, akampa wa pili.

Wa pili akasema nzuri. Wa tatu akasema nzuri kabisa. Nikauliza, "Kosa?" Akasema haoni. Huyu ndiye aliyewahi kumwambia Nasif kwamba boneti lake limepinda kwa unene wa unywele. Wa nne na wa tano hawakuligeuza hata kuliona chini.

Likafika kwa babu yako. Yeye hakusema nzuri. Aliliweka mezani, akainama mpaka shavu likakaribia mbao, akafumba jicho moja, akalitazama kwa ubavu. Alikaa hivyo muda mrefu. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akalisukuma taratibu kwa Byron bila neno. Yaani hata kunitajia kosa ameona si kazi yake.

Nikamwambia Byron kwamba sheria ni sheria, na sijapata kosa hata moja. Alinijibu kwa sauti ile anayotumia kwa wateja: "Si lazima kila mara tuwe wakali, Celestine. Mpigieni makofi."

Wakanipigia makofi.

Nimetembea nyumbani na boksi mikononi na makofi yale masikioni. Gari la mtu anayetarajiwa kutengeneza jingine hutafutiwa kosa. Langu lilipigiwa makofi, kama mtoto wa chekechea aliyemaliza uji. Na si kweli kwamba halina kosa. Hakuna gari lisilo na kosa. Tulijifunza hilo pamoja kwenye kibaraza kile. Kama hawalioni, hawakutazama. Kama wanaliona, wamenificha. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Karatasi yangu ina mistari saba mitupu. Nimeibandika hapa ukurasani uione.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Sikuimba.

Jumamosi, 19 Aprili

Magari matatu yamechaguliwa: tangi la Nasif, basi la yule wa boneti, na winchi langu. Nilipaswa kufurahi, na kwa dakika chache nilifurahi. Halafu Byron akasema amechapisha fulana za klabu, na kwamba siku ya maonyesho mimi nitasimama upande wa mlango na sinia la peremende niwakaribishe wageni, kwa kuwa nina uso mzuri wa kukaribisha. Kadi zitakuwa tayari siku hiyo hiyo. Nasif akauliza kwa nini yeye hakupewa sinia. Wakacheka. Mimi pia nilicheka, na ndilo jambo la leo linaloniaibisha.

Nimemtumia Erinayo ujumbe kwa simu ya baba. Amejibu: "Nitakuja na shati."

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Tulipanda Lubaga asubuhi, mvua imekatika. Ukumbi ulikuwa na meza labda ishirini: vikapu, vinyago, mashine ya kukoboa karanga, kanisa zima lililoundwa kwa njiti za kiberiti. Meza yetu ilikuwa karibu na dirisha. Byron alipanga magari matatu na kuweka kadi. Ya Nasif iliandikwa jina la Nasif. Ya basi iliandikwa jina la mwenye basi. Yangu ilisema hivi, nimeinakili:

GARI LA WINCHI. Fundi mkuu: Byron. Msaidizi: Celestine.

Niliisoma mara tatu. Nikamuuliza Byron alisaidia nini. Alinivuta pembeni, akaniambia kwa utaratibu kwamba waamuzi wanauliza maswali magumu, kwamba mtu akiona jina la msichana wa Senior Two kwenye kazi kama ile atasema imenunuliwa, na kwamba yeye atanijibia. Alisema ananikinga. Kisha akanipa sinia.

Nililichukua, Lailah. Niliapa kukuambia kila kitu: nililichukua, nikaenda kusimama mlangoni, nikasema karibu, karibu, kwa watu labda hamsini, na peremende zikapungua.

Saa tano Erinayo akaingia na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka limeng'aa. Hakuchukua peremende. Alinishika bega akasema twende, nionyeshe gari yangu. Nikaweka sinia chini, nikamfuata.

Alipoliona alisogea karibu. Akainama, akatazama kile kioo kilichopasuka, akaweka kidole karibu nacho bila kukigusa. Akamwambia bibi mmoja aliyesimama hapo, mwamuzi, mwenye beji na daftari, kwamba hili ni gari lake, analala humo zaidi kuliko anavyolala nyumbani. Halafu akainama zaidi, shavu karibu na meza, jicho moja amelifumba. Vilevile kama babu yako.

"Lakini mbona nyuma imelala?" akasema. "Yangu hailali hivi. Hii inatazama juu kama kuku anayekunywa maji."

Byron alikuwa amefika. Akatabasamu kwa yule mwamuzi. "Springi za gari lako zimechoka, mzee wangu. Sisi tunapima kama lilivyo."

"Zimechoka?" Erinayo akanyooka. "Ssebo, bwana, hiyo springi nimefunga mpya mwezi wa kwanza. Wewe ulipima lini? Mimi sijakuona wewe."

Watu walicheka. Byron akaanza kusema kuhusu barabara na mashimo. Na mimi wakati ule nikaona. Niliona uwanja wa Nakawa, saa tatu na nusu, na lile gari dogo jeupe linaning'inia kwenye ndoano huku nasimama kando yake nikisoma utepe. Gari zima lenye injini linaning'inia nyuma, na mimi napima kimo cha bodi. Winchi lilikuwa limekaa nyuma na kunyanyua pua kwa sababu lilikuwa limebeba. Nimeunda winchi tupu lenye kimo cha winchi lililobeba. Nimelikalia kwa wiki sita, nimelipiga msasa, nimelitafuta kwa mikono ndani ya mafuriko, sikuona.

Ningeweza kunyamaza. Byron angezama mwenyewe na kosa lingezama na jina lake, na kwenye kadi mimi ni msaidizi tu. Lakini lile kosa ni langu. Nililipima mimi. Ndicho kitu pekee juu ya meza ile ambacho hakuna aliyeweza kusema kwamba nimekinunua.

Nikasema, "Nilipima mimi. Siku ile lilikuwa limening'iniza gari, nikasahau kuutoa mzigo kwenye hesabu. Springi zake ni nzima. Kosa ni langu."

Yule mwamuzi akaniuliza ni kiasi gani. Nikamwambia kwa gari la kweli labda sentimita nane, kwa hili milimita nne. Akaandika. Akauliza, "Na fundi mkuu ni nani?"

Nilichukua kadi, nikaigeuza upande mweupe, nikaandika kwa kalamu yangu ya shule:

Gari la winchi la Erinayo. Limetengenezwa na Celestine Namalwa, Namuwongo. Kosa: nilipima likiwa na mzigo.

Nikairudisha mahali pake. Erinayo akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, akasema sasa ni kweli, akapiga picha.

Zawadi ilikwenda kwa kanisa la njiti. Tulipokuwa tunafunga vitu Byron aliniambia nimeiaibisha klabu mbele ya watu. Nikamwambia msaidizi hawezi kumwaibisha fundi mkuu. Nasif alikohoa kuficha kicheko. Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikipitia Kabalagala, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na yeyote kati yao.

Jumapili, 27 Aprili

Baada ya kanisa babu yako alikuja. Mama alimpa kiti kizuri na chai. Aliikoroga mpaka ikaanza kupoa, kisha akasema nami, kwa mara ya kwanza tangu anipe daftari hili.

"Mimi niliona," akasema. "Ile siku. Nyuma imekaa. Niliona, nikanyamaza."

Nikamuuliza kwa nini. Alieleza polepole. Kabla gari halijapitishwa, Byron aliwapitia wote mmoja mmoja, akawaambia wasinivunje moyo, kwamba msichana amebaki mmoja na akiambiwa makosa ataondoka. Wote wakakubali. Yeye pia alikubali. Amekuwa akiniepuka miezi miwili kwa sababu hajui kuzungumza na fundi bila kumkosoa.

Kisha akasema lile ambalo nadhani ndilo lililomleta. "Na hayo maneno Byron hakutoa kichwani yake. Ni ya Lailah. Siku ya mwisho alikuja kibarazani akawaambia, nikiondoka musimuonee Celestine, yeye analiaga chooni. Muwe wapole na yeye."

Mama alikuwa anapanga vikombe. Aliacha.

"Mimi mutu mzima," akasema babu yako, "nikafuata upole ya watoto. Hapo nilikosa."

Nilipaswa kusema haidhuru, Mzee. Mama alinikazia macho ili niseme. Nikasema, "Mzee Kamis, ungeniambia tarehe kumi na mbili, ningekuwa na wiki mbili za kulinyanyua."

"Kweli," akasema. Akamaliza chai baridi, akaaga.

Mama alinigombeza kwa kumjibu mtu mzima hivyo. Baadaye baba alikuja na rula, akaniomba nimwonyeshe hizo milimita nne.

Jumanne, 29 Aprili

Jana sikuandika. Kila sentensi ilianza kwa jina lako.

Ijumaa, 2 Mei

Muhula umefungwa. Kwenye kemia nimekuwa wa pili darasani.

Jumamosi, 3 Mei

Nilikwenda klabu. Sikulirekebisha gari kwanza. Niliweka winchi katikati ya meza, na ile karatasi yenye mistari saba, niliyoibandua hapa, nikasema lipitishwe upya.

"Lilishapitishwa," akasema Byron.

Babu yako alikuwa anashona na hakuinua kichwa. "Halijapitishwa. Lilipigiwa makofi."

Basi Nasif akalishika. Aliligeuza muda mrefu, akasema ndoano ni nene kama ya kuning'inizia makoti, ingevunja bampa la gari lolote. Kweli. Wa pili akasema kiti cha dereva kiko nyuma sana, dereva huyu angehitaji miguu ya twiga. Kweli pia. Wa tatu, matairi. Wa nne, milango. Wa tano alibishana na wa nne kuhusu milango. Nilikuwa naandika haraka na nilikuwa na furaha, Lailah, sijui kama utanielewa, kila kosa lilikuwa kama mtu anavuta kiti akae. Babu yako akasema nyuma imelala, akaongeza kwa kufoka kwamba hata mishono ya viti ni ya mtu mwenye haraka.

Byron alikuwa wa mwisho. Sikumtazama. Aliligeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye bodi.

"Ulipaka rangi kabla gundi haijakauka," akasema. "Hapa chini imekunjamana yote. Na ulijua, kwa sababu ulijaribu kuipiga msasa. Niliona tangu siku ile."

Rudi nyuma usome tarehe 9 Aprili. Niliandika kwamba rangi imeshika vizuri. Nilikudanganya. Ilikunjamana kama ngozi ya maziwa, nami niliogopa maonyesho yatanipita, nikaugeuzia chini upande ule. Niliapa kukuambia kila kitu na nikashindwa kwenye mstari wa rangi ya kucha. Byron, ambaye nimemwita kila jina kichwani mwangu mwezi mzima, ndiye aliyeliona, na jicho lake ni zuri kuliko letu sote. Ndiyo maana nimekasirika naye zaidi. Aliona kila kitu akachagua makofi.

Aliweka gari mezani. Kisha akasema, "La pili ni kadi. Hilo ni langu."

Sikusema nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe. Lakini chini ya mistari saba nilichora wa nane, nikaandika: kadi.

Jumapili, 4 Mei

Dawudi anaondoka kesho asubuhi. Amesema lori litakaa Arua siku mbili, litarudi Namuwongo Jumamosi. Nina ukurasa huu tu.

Nimesoma daftari lote tangu mwanzo. Nilidhani naandika kuhusu Byron. Lailah, ni kweli nililia chooni. Nililia mara nne, ulihesabu moja tu. Na kila mara nilitoka nikanawa uso nikakata upya. Wewe uliniona nikiingia, ukasahau kwamba nilikuwa natoka. Ulikwenda kuwaambia watu saba wawe wapole na mimi, ukaondoka, nami nikakaa miezi miwili ndani ya huo upole wako nikidhani wananidharau. Ungeniachia ukali wako. Ndio uliokuwa wangu.

Babu yako anasema ulikuwa unalia ulipowaambia. Sijui hilo nilifanyie nini. Nimeliandika kwa sababu ni kweli.

Sikulirekebisha bado. Ndoano ni ileile nene, nyuma imelala, chini imekunjamana. Lile boksi la viatu limechakaa kwa kubebwa huku na huku, kwa hiyo nimetumia la mama, jipya, na nimelifunga kwa sweta langu la shule ili lisiruke njiani. Dawudi ameapa kutoweka kitu juu yake. Ukilipata usiniandikie pole, wala usiniandikie nzuri. Lishike. Ligeuze. Liweke mezani, inamisha shavu, fumba jicho moja. Makosa manane yapo kwenye karatasi niliyobandika hapa nyuma, na hayo huruhusiwi kuyarudia. Mstari wa tisa nimeuchora na nimeuacha mtupu.

Jumamosi nitakuwa kibarazani kuanzia asubuhi, nikimngoja Dawudi. Wewe umeona kosa gani?